Barua kwa mwanangu: Jani na jiwe lake la kusagia

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Umeniuliza iweje Uhindu, ambao sheria zake za kale ziliwafungia wanawake masomo ya Veda, maandiko yake matakatifu, uwe na washairi wanawake wengi ambao tungo zao huimbwa hekaluni hadi leo.

Sababu kubwa ni lugha. Veda zilikuwa za Kisanskriti, lugha ya kale ya India, tena mikononi mwa makuhani. Watu wa bhakti, yaani ibada ya mapenzi kwa Mungu, waliimba kwa lugha za nyumbani: Andal kwa Kitamil, Akka Mahadevi kwa Kikannada katika karne ya 12, Mirabai wa Rajasthan katika karne ya 16.

Mimi lakini nampenda Janabai, au Jani kwa kifupi, wa Maharashtra, magharibi mwa India, kuliko wote. Alikuwa mtumishi mjini Pandharpur, katika nyumba ya mshairi Namdev. Kutwa kufagia, kuteka maji, kusaga nafaka. Katika tungo zake Jani anafagia, na Mungu wake Vithoba anazoa taka, anajitwika kapu kichwani na kwenda kuzimwaga. Akisaga, Vithoba anasaga naye. Yule anayesujudiwa hekaluni yuko uani na mjakazi! Na mwisho wa utungo hujitaja jina, kama washairi wetu katika beti za kaditama: Jani, mjakazi wa Nama, yaani Namdev.

Wapo wanaomsifu kwa unyenyekevu tu. Sikubaliani nao. Katika utungo mmoja anasema nguo ya kichwani imemshukia mabegani, na hivyo hivyo ataingia sokoni penye umati, matoazi mkononi. Nani atamzuia?

Uliuliza pia kama heshima wanayopewa washairi hawa iliwafaa wanawake wa kawaida. Kwa sheria za ndoa, sioni. Mirabai husifiwa kwa kuwakaidi wakwe zake, ila binti wa leo akifanya vile, nyumbani hapatakalika. Walichopata ni wimbo. Wanawake wa vijijini Maharashtra waliimba ovi, nyimbo za kusagia, alfajiri kwenye jiwe: humo mna Vithoba, kaka zao, na machungu ya ukweni. Mashine zilipoingia, mawe yakawekwa kando na nyimbo zikapungua.

Kwa hiyo ukianza kusoma, usianzie kwa Mirabai, binti wa ukoo wa kifalme. Anza na Jani, kisha utafute hizo ovi.

Mama yako