Uzi wa Kusuka Hautaki Fundo la Nailoni

Uzi ukikukatikia na samaki akaenda zake, kabla hujalaumu duka ulikoununua, shika ile ncha iliyorudi uitazame vizuri. Ikiwa imechakaa na nyuzinyuzi zimetawanyika, uzi umesagwa na mwamba au tumbawe. Ikiwa ncha ni safi, vile vile ulivyoikata kwa mkasi, ila kipande cha mwisho kimejikunjakunja vipindi vidogo vidogo, basi uzi haukukatika hata kidogo. Fundo limeteleza. Kwa vijana wengi ninaovua nao huku pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani hadi Shimoni, ni hili la pili linalowanyima kolekole na nguru, nao hurudi dukani kununua uzi mnene zaidi. Uzi mnene ukifungwa fundo lile lile utateleza vile vile.

Wengi wetu tulirithi fundo moja kutoka kwa wazee: unapitisha nailoni kwenye tundu la ndoana, unaizungusha juu ya uzi mkuu mara tano au sita, unarudisha ncha kwenye kile kijitundu cha chini, unakaza. Kwa nailoni ni fundo zuri, na sina neno nalo. Nailoni hunyumbuka, na ukiikaza hubonyea kidogo, mzunguko mmoja ukaung'ata mwingine. Uzi wa kusuka haufanyi hivyo. Umetengenezwa kwa nyuzi za poliethilini zenye nguvu nyingi mno, zile zinazouzwa kwa majina ya Dyneema na Spectra, na nyuzi hizo ni telezi ajabu. Tena karibu hazinyumbuki kabisa, kwa hiyo samaki akipiga, kishindo chote hufika kwenye fundo bila kupungua njiani. Ongeza na wembamba wake: uzi wa kusuka wa ratili 30, yaani unaohimili mvuto wa uzito huo, huwa na unene unaokaribiana na nailoni ya ratili 8. Uzi mwembamba, telezi, usionyumbuka. Fundo linalotegemea mizunguko mitano kung'atana halina la kushikilia hapo.

Kwa hiyo mimi huangalia jambo moja: fundo hili linashika kwa nini? Ama uzi uwe umekunjwa mara mbili na kujifunga wenyewe, ama mizunguko iwe mingi, ama uwe umesukwa juu ya kitu kinene kiasi kwamba ukivutwa unazidi kubana. Mafundo ninayoyategemea yote yanaingia katika makundi hayo, na hayazidi manne.

La kwanza ni Palomar, la kufungia uzi wa kusuka moja kwa moja kwenye ndoana au kwenye kile kichuma chenye matundu mawili kinachojizungusha. Ni jepesi, na mtu hulijua kwa jioni moja akiwa amekaa barazani. Kunja uzi mara mbili, kiasi cha urefu wa kiganja, upitishe mkunjo huo kwenye tundu. Funga fundo la kawaida, lile la kufungia mfuko, bila kulikaza. Kisha pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi kilichobaki, lowesha, na uvute nyuzi zote pamoja. Hapo pa kuvuta ndipo penye siri. Kitanzi kile lazima kiruke tundu la ndoana na kuja kukaa juu yake, upande wa uzi. Kikinasa chini ya tundu, kwenye shina la ndoana, fundo halijakaa, hata kama kwa macho linaonekana zuri. Likate ulianze upya. Nyuzi mbili zinazopita tunduni nazo zilale sambamba. Zikipishana, moja itaikata nyingine siku ya samaki mkubwa. Kwa ndoana yenye shina nene mimi hupitisha mkunjo tunduni mara mbili badala ya mara moja.

Itazame na ndoana yenyewe. Nyingi za bei nafuu tundu lake halijafungika barabara. Pana mwanya mwembamba pale chuma kilipopindwa. Nailoni haipiti pale, lakini uzi wa kusuka hupenya, na ukikosa kupenya hukatwa na ule ukingo. Pitisha kipande cha uzi uusugue kwenye mwanya huo. Ukisikia unakwaruza, iweke ndoana hiyo kwa ajili ya nailoni.

Palomar ina udhaifu mmoja: chambo bandia kikubwa chenye ndoana za pembe tatu ni taabu kukipitisha kwenye kitanzi. Hapo hutumia fundo la Uni, lile la kurudisha ncha ifanye kitanzi na kuizungusha ndani yake, kwa mizunguko minane, si mitano ya nailoni.

Lakini kwa uvuvi wa kwetu, wenye miamba na matumbawe, ni nadra kufunga uzi wa kusuka kwenye ndoana. Uzi huu una nguvu ukivutwa, ila ukigusa tumbawe huku umekazwa unakwenda mara moja. Inabidi mbele uunge kipande cha nailoni nene, na kama unawafuata nguru au mzia, uongeze waya mfupi kwa ajili ya meno yao. Nailoni na ndoana zina mafundo yao ya kawaida, nayo hushika. Kazi yote iko pale uzi wa kusuka unapokutana na nailoni, na hapo ndipo ninapokuomba utumie muda wako mwingi wa kujifunza.

Ukiwa ndiyo kwanza unaanza, funga Uni mbili zinazokutana: mizunguko minane upande wa kusuka, minne au mitano upande wa nailoni, lowesha, zisogeze mpaka zigusane. Zinatosha kwa nailoni ya ratili 20 au 30. Ikizidi sana hapo, fundo linakuwa donge, linagonga pete za fimbo kila unaporusha, na siku moja litanasa. Kwa hiyo ukitumia fundo hili, fupisha nailoni ili fundo libaki nje ya pete ya mwisho unaporusha.

Kwenye mashua inayoyumba mimi hupenda lile la Albright lililoboreshwa. Kunja nailoni ifanye kitanzi, ingiza uzi wa kusuka ndani yake, uzungushe juu ya nyuzi zote mbili za nailoni mara saba ukipanda, kisha mara saba ukishuka juu ya ile mizunguko ya kwanza, halafu utokee kwenye kitanzi upande ule ule ulioingilia. Ukitokea upande wa pili, fundo litafunguka. Kaza polepole, huku ukiishika mizunguko kwa kidole gumba isije ikarukiana.

Kisha kuna FG. Kama una jioni tulivu nyumbani na taa nzuri, fanya hili. Halina kitanzi wala donge, kwa sababu nailoni haikunjwi kabisa. Uzi wa kusuka ndio unaosukwa juu yake. Linashika kama kifumbu cha kukamulia tui: ukikivuta, ukindu wote unabana kwa pamoja. Uzi wa kusuka lazima uwe umekazwa muda wote wa kazi. Simamisha fimbo ukutani, funga breki ya rili (kile kigurudumu cha kukunjia uzi), na ncha ya uzi uifunge kiunoni au kwenye kidole gumba cha mguu. Chukua nailoni, ipitishe juu ya uzi na kuuzunguka, kisha chini na kuuzunguka, juu, chini, ukisogeza kila msuko ushikane na uliotangulia. Misuko 20 inatosha kwa nailoni nyingi. Maliza kwa vifundo viwili vya nusu vikizikumbatia nyuzi zote mbili, lowesha kwa mate, zungusha kila upande kwenye kipande cha mti, na uvute kwa nguvu zako zote.

Ukivuta, tazama rangi. Uzi wa kusuka ambao ulikuwa umepauka utaanza kukoza palepale mbele ya macho yako, kijani kikageuka cha giza, na ile misuko itajipanga na kuzama kwenye nailoni. Hapo ndipo umebana. Rangi isipobadilika, bado unateleza, na fundo hilo si la kuliamini. Ukisharidhika, kata nailoni karibu kabisa na misuko, kisha ongeza vifundo vya nusu vitano au sita juu ya uzi mkuu peke yake, ili ule ukingo wa nailoni uliokatwa usichomoze. Fundo lililokaa vizuri hupita kwenye pete bila kusikika, ndiyo maana unaweza kutumia nailoni ndefu na kuizungusha hadi ndani ya rili.

Nimesema lowesha mara kadhaa, na si mazoea tu. Poliethilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi, wakati nailoni huvuka 200. Ukikaza fundo kavu kwa kasi, msuguano unatoa joto, na uzi unaungua ndani ya fundo bila wewe kuona. Kwa sababu hiyo hiyo, kiberiti kisisogee karibu na fundo lako. Wapo wanaoyeyusha ncha ya nailoni ifanye kijidonge. Moto ukipita kidogo tu ukaugusa uzi wa kusuka, kazi yote imeharibika.

Usiuvute uzi huu kwa mkono mtupu. Unakata nyama mpaka ndani. Na kwa ndugu zangu mnaovua kwa mshipi wa mkono, bila fimbo, nasema wazi: baki na nailoni. Nimesikia wakishawishiwa kwamba uzi wa kusuka ni wa kisasa na unahisi samaki upesi, na ni kweli unahisi upesi, lakini songoro mmoja akikimbia mkononi utajuta.

Fundo moja zaidi watu hulisahau, lile la kwenye rili yenyewe. Uzi wa kusuka ukifungwa juu ya chuma kitupu huzunguka wote kwa pamoja. Breki umefunga, samaki anachukua uzi, na rili inaonekana mbovu. Anza na mizunguko michache ya nailoni, uunge uzi wa kusuka hapo, ndipo uendelee kujaza.

Mkasi uwe mkali, maana meno hayaukati uzi huu, yanautafuna tu na kuacha manyoya yasiyopita kwenye tundu. Vipande unavyokata vitie mfukoni urudi navyo nchi kavu, kwa kuwa haviozi na kasa hunasa humo. Na kila umpandishapo samaki mkubwa, au ukigusa mwamba, pitisha kucha juu ya fundo na juu ya nailoni ya mbele. Ukihisi mkwaruzo, au ukiona kifundo cha nusu kimeanza kulegea, kata hapo hapo ufunge upya kabla hujarusha tena, hata kama kundi la kolekole linaruka mbele ya mashua.