Jibu: XML ndani ya PostgreSQL, zivunjwe au zibaki nzima?

Mkuu, umeuliza kama faili zako elfu nne za XML (maandishi yaliyopangwa ndani ya lebo, ziitwazo elementi) uzivunjevunje kwenye majedwali au uzitumbukize nzima kwenye kolamu moja ya hifadhidata ya PostgreSQL. Mimi nafanya vyote viwili, ila sivunji kila kitu. Nimelijua hilo kwa kuumia.

Niko ofisi ndogo ya utalii hapa Moshi. Waongozaji wetu wanapanda mlima na saa za GPS mkononi, wakishuka naletewa njia waliyopita kwenye faili la GPX. GPX ni XML tu: kuna trk (njia), ndani yake trkseg (kipande cha njia), ndani yake trkpt (pointi) kibao, kila moja na lat na lon kama sifa zake, halafu ele ya kimo na time ya muda. Saa ikiandika pointi moja kila sekunde tano, siku ya kutembea saa saba inakupa pointi 5,040. Zidisha kwa siku sita za kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame.

Mwanzoni nilijifanya fundi. Kila elementi ikapata jedwali lake, yakafika kumi na moja, na kusoma njia moja tu ilibidi niunganishe matano. Hilo lilivumilika. Kilichoniponza ni kwamba faili likishaingia nilikuwa nalifuta, si data imo ndani? Msimu uliofuata zikaja saa mpya, zinaandika joto na mapigo ya moyo ndani ya extensions, sehemu ambayo GPX 1.1 imemwachia kila mtengenezaji aweke chake. Programu yangu haikuijua sehemu hiyo, ikairuka kimya kimya. Miezi minne baadaye bosi ananiita: "Kijana, wageni wanauliza, usiku pale kambi ya Barafu baridi ilikuwa ngapi?" Sikuwa na jibu, na faili halisi halikuwepo tena.

Tangu hapo hati inaingia nzima kwenye kolamu ya aina ya xml na haiguswi na mtu. Pembeni yake naweka kolamu za kawaida za yale ninayoulizwa kila siku: tarehe ya kuanza, njia, kimo cha juu kabisa. Indeksi nazo ziko huko, maana aina ya xml haina namna ya kulinganisha thamani mbili, ukiiwekea indeksi ya kawaida inakataliwa papo hapo. Unaweza kuweka indeksi juu ya jibu la xpath(), yaani kitafutio cha vitu ndani ya XML, ukiligeuza kwanza kuwa maandishi, nimewahi kufanya hivyo, lakini lazima kila kwiri (swali unaloiuliza hifadhidata) iandike usemi uleule. Siku ukibadilisha kidogo, indeksi inakaa tu pembeni inakutazama.

Sasa mtego ambao najua utakunasa, kwa sababu mimi ulinila siku mbili nzima. Jedwali langu linaitwa safari, kolamu ya xml inaitwa hati. Niliandika hivi:

SELECT xpath('//trkpt', hati) FROM safari WHERE id = 1;

Jibu: {}. Hakuna kosa, hakuna onyo, mabano matupu tu. Nafungua faili, trkpt naziona kwa macho yangu. Nikadhani faili limeharibika, nikaingiza upya, nikalaumu toleo la PostgreSQL, nikalaumu hadi mtandao. Kumbe juu kabisa ya faili kuna xmlns, yaani nemspesi, na inazihusu elementi zote zilizo ndani. Ni kama kufika Moshi ukamuulizia Mushi: utaulizwa Mushi wa wapi, wa Kibosho au wa Machame? XPath yenyewe haikuulizi. Ukiandika trkpt tupu, inaenda kutafuta trkpt asiye na ukoo, na kwenye GPX hayupo hata mmoja. Kwa hiyo taja ukoo, hata kwa herufi moja ya kubuni, hapa ndani ya XMLTABLE, inayogeuza XML kuwa safu na kolamu:

SELECT p.*
FROM safari s, XMLTABLE(
  XMLNAMESPACES('http://www.topografix.com/GPX/1/1' AS g),
  '//g:trkpt' PASSING s.hati
  COLUMNS lat numeric PATH '@lat',
          lon numeric PATH '@lon',
          kimo numeric PATH 'g:ele',
          muda timestamptz PATH 'g:time') AS p
WHERE s.id = 1;

XMLTABLE ipo kuanzia toleo la 10. Angalia sifa, @lat na @lon, hazina g: mbele, maana nemspesi ya namna hii haizigusi. Na kwenye 'g:ele' usiweke mikwaju miwili mbele: itarudi kusaka hati nzima badala ya pointi hiyo moja, ikute ele maelfu, igome.

Kuhusu muda, weka timestamptz kama nilivyoweka. GPX inaandika saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Bosi aliwahi kuona 03:10 kwenye ripoti yangu ya kwanza akacheka: "Ametoka Barafu saa sita usiku, saa tisa na dakika kumi yuko kilele cha Uhuru? Amepaa?" Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, ya kwetu. Nikaseti timezone iwe Africa/Dar_es_Salaam, yakaisha.

Kasi je? Kila ukiita XMLTABLE, hati inachambuliwa upya kuanzia mstari wa kwanza. Kwa hati moja hutahisi kitu. Kwa ripoti ya msimu mzima utakwenda kuchemsha chai na kuinywa. Ndiyo maana pointi, kwa kuwa zote zina umbo moja, nimezimwaga kwenye jedwali lao kwa kwiri hiyohiyo ikiwa na INSERT mbele. Extensions sijazigusa, kila saa na lugha yake, nikizihitaji nachimba kwenye hati.

Kuna aliyekushauri uhame kabisa uende BaseX, hifadhidata ya XML peke yake. Ni kifaa kizuri, lakini kama wateja na malipo yako tayari viko PostgreSQL, utaishia kulea hifadhidata mbili kwa mshahara mmoja. Ukiwa kwenye hifadhidata ya MySQL ndipo ningefikiria kuhama, kule hakuna aina ya xml, una ExtractValue ya kusoma na UpdateXML ya kubadilisha juu ya maandishi basi.

Jambo moja hukulisema: hati zako zina sahihi ya kidijitali? Kama zinayo, weka pia nakala ya baiti zenyewe kwenye kolamu ya bytea. PostgreSQL hugusa tamko la usimbaji kwenye mstari wa kwanza, na SQL Server, hifadhidata ya Microsoft, ndiyo kabisa, haikuahidi hata mpangilio wa sifa utabaki ulivyokuwa. Sahihi iliyopigwa juu ya baiti haisamehi nafasi moja iliyopotea.

Tuwekee hapa mistari ishirini ya mwanzo ya faili lako moja, futa majina ya watu, tuone lina xmlns ngapi.