Ukirekebisha kitabu cha fizikia ya udaktari, anza na majibu ya nyuma

Kwa miaka kadhaa nimewafundisha fizikia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari na baiolojia, na hatimaye nikakabidhiwa kazi ya kurekebisha kitabu wanachokitumia. Niliianza kwa kufungua sura ya kwanza na kunyoosha sentensi. Miezi miwili ikapita, nami nimekwisha kupamba utangulizi wa sura nne, ilhali makosa yanayomtesa mwanafunzi yalikuwa mahali pengine kabisa: kwenye mazoezi, na kwenye majibu yaliyo mwisho wa kitabu. Kwa hiyo mwalimu atakayepewa kazi ya namna hii namshauri aanzie huko. Shika kalamu na daftari, ukokotoe kila swali wewe mwenyewe kabla hujagusa aya hata moja.

Lililonifunza hili ni swali moja la mtiririko wa damu, linalotumia kanuni ya Poiseuille, ambaye mwenyewe alisomea udaktari huko Ufaransa. Katika toleo la zamani swali lilitaja mshipa wenye kipenyo cha milimita 3. Kwa kuwa mlinganyo wenyewe unatumia nusukipenyo, nilibadilisha neno ili mwanafunzi asitatizike, lakini ile 3 nikaiacha ilivyo badala ya kuifanya 1.5. Kitabu kikachapwa. Muhula ulipoanza, binti mmoja alinifuata ofisini na daftari lake: "Samahani mwalimu, hili swali nimelirudia mara tatu, na kila mara napata mara 16 ya jibu la kitabu." Hakuwa amekosea popote. Kiasi cha damu kinachopita kwa sekunde hufuata kipeo cha nne cha nusukipenyo, kwa hiyo ukikizidisha nusukipenyo mara 2, mtiririko unaongezeka mara 16. Kurasa zake zilijaa mistari iliyofutwa na kuandikwa upya, na kila mstari ulikuwa sahihi. Nilimwomba radhi, kwa sababu kosa lilikuwa langu, na nimelibeba tangu siku hiyo, maana kanuni ileile ndiyo itakayomweleza kwa nini mshipa uliopungua upana kwa nusu hupitisha sehemu 1 tu kati ya 16 ya damu iliyokuwa ikipita, shinikizo likiwa lilelile. Kipeo hicho cha nne ndicho hasa alichopaswa kukiamini, na kitabu kilimtia shaka nacho.

Baada ya majibu, angalia mifano. Sura ya vimiminika ilikuwa imejaa matangi na mabomba, vitu ambavyo mwanafunzi wa udaktari huvipitia haraka na kuvisahau. Nilivitoa, nikaweka dripu: chupa ikining'inizwa mita 1 juu ya mkono wa mgonjwa, uzito wa maji hayo huleta shinikizo la takribani kilopaskali 9.8, yaani karibu milimita 74 za zebaki, na hilo linatosha kulishinda shinikizo dogo la damu lililomo kwenye veni. Mwanafunzi akishalikokotoa hilo, anaelewa kwa nini damu hurudi mrijani chupa ikishushwa chini mno. Usiandike mfano wa wodini bila kumpa muuguzi au daktari ausome, kwani wao hugundua mara moja kipimo ambacho hakijawahi kuonekana hospitalini. Na hapohapo acha vipimo viwili viende pamoja: milimita 120 za zebaki ni kilopaskali 16, na mwanafunzi anahitaji kuzijua zote mbili, moja kwa mgonjwa na nyingine kwa mlinganyo.

Zipo pia namba ambazo zimebadilika zenyewe. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilogramu haitegemei tena kipande cha metali kilichohifadhiwa Ufaransa, bali hufafanuliwa kwa kiwango thabiti cha Planck, namba ya maumbile isiyobadilika. Hilo linamalizwa kwa aya moja. Sura ya mionzi inadai subira zaidi. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi ilipandisha kigezo cha uzito wa tishu (namba inayoonyesha mchango wa kiungo katika madhara ya mionzi kwa mwili mzima) cha matiti kutoka 0.05 hadi 0.12, na kukishusha cha tezi za uzazi kutoka 0.20 hadi 0.08. Ukibadilisha jedwali hilo peke yake, umeharibu kila zoezi linalolitegemea, pamoja na jibu lake la nyuma, na mara nyingi hata mchoro wa sura inayofuata.

Ndiyo maana sasa ninalo daftari moja lenye safu tatu: ukurasa nilioubadilisha, kurasa zote zinazoutegemea, na tarehe niliyokokotoa upya. Safu ya tatu ikiwa tupu, ukurasa huo hauendi kwa mchapaji.