Vijiko, Fidla na Mashua: Majibu Kuhusu Ruzuku za Sanaa za Jadi za Nordiki (Ulaya ya Kaskazini)

Chama chetu kidogo cha Minneapolis kinafundisha kuchonga vijiko vya mbao vya Kiswidi. Tunahitaji kama dola 4,000. Tumwombe nani, na bajeti iweje?

Msianzie Washington. Mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani, NEA, hautoi chini ya dola 10,000, na kwa kila dola yao lazima nanyi mweke dola yenu. Bahati yenu ni kuwa mpo Minnesota. Mwaka 2008 wapiga kura wa jimbo hilo walikubali kodi ya mauzo ipande kwa asilimia 0.375, na asilimia 19.75 ya makusanyo yake huenda kwenye sanaa na urithi wa utamaduni. Sehemu ya fedha hizo hupitia mabaraza 11 ya kanda. La kwenu ni Metropolitan Regional Arts Council. Kama chama hakijasajiliwa, tafuteni asasi iliyosajiliwa iwapokelee fedha kwa mkataba wa maandishi, na muulize mapema itakata asilimia ngapi, kwa sababu makato hayo nayo ni gharama.

Chukueni mfano wa wanafunzi 8, vipindi 10 vya saa 3. Mwalimu alipwe saa 40, si 30, maana kila kipindi kina saa nzima ya kunoa na kupasua magogo: kwa dola 50 kwa saa, ni 2,000. Visu viwili kwa kila mwanafunzi, kimoja kilichonyooka na kimoja chenye makali yaliyopinda cha kukombea tumbo la kijiko: 600. Ukumbi 600, magogo 150, mawe ya kunolea na bandeji 130, kurekodi video 400, bima 220. Jumla 4,100. Ada za wanafunzi zilete 400, chama kitoe 800, ombi libaki 2,900.

Wengi hukosea kwenye magogo. Kijiko huchongwa kwenye mti mbichi; birchi, mti wa nchi za baridi, ikikauka ni ngumu na inamaliza makali. Mkinunua magogo yote wiki ya kwanza, kufikia wiki ya tano ncha zake zimepasuka. Nunueni kwa awamu tatu, au pakeni ncha nta na kuyaweka mahali pa baridi. Kiini cha gogo kitolewe wakati wa kupasua, la sivyo kijiko kitachanika kikikauka. Haya yaandikeni katika maelezo ya bajeti. Anayepitia maombi akiona "magogo, awamu tatu" na sababu yake, anajua yuko mbele ya mafundi.

Tuliomba fedha za tamasha la muziki wa Kinorwei tukakataliwa. Tamasha si utamaduni?

Ni utamaduni, lakini wafadhili wa fani hii wanatazama kurithisha: nani atakuwa anajua nini fedha zikiisha. "Watu 300 watafurahia muziki wa jadi" ni sentensi inayoweza kuandikwa na yeyote. Jaribuni hii: "Wanafunzi 4 watapiga nyimbo 6 za hardingfele bila nota, baada ya miezi 9 na mwalimu mmoja." Hardingfele ni fidla yenye nyuzi za ziada chini ya zile zinazopigwa, zinazovuma zenyewe, na kwa jadi nyimbo zake hushikwa kwa sikio. Ndiyo maana vipindi viwili vya warsha havitoshi, na bajeti ya mwalimu lazima iwe ndefu.

Tamasha liwekeni mwishoni, wanafunzi waonyeshe walichopata. Kaustinen, Ufini, kuna tamasha tangu mwaka 1968, lakini upigaji fidla wa hapo ulioingia orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni mwaka 2021 umebebwa pia na mafunzo ya watoto, yale yanayoitwa Näppäri.

Mashua za Nordiki zimeingia UNESCO. Je, fedha zinakuja zenyewe?

Haziji. Mila za mashua za mbao zinazopandana ziliandikishwa Desemba 2021 kwa ombi la pamoja la Denmaki, Ufini, Aislandi, Norwei na Uswidi. Orodha inatoa heshima, haitoi hundi.

Kwa msomaji wa pwani: jahazi letu mbao zake hukutana ukingo kwa ukingo na kutiwa kalafati. Hizi za kaskazini ubao wa juu hulalia kidogo ule wa chini, kama magamba ya samaki, kisha hubanwa pamoja kwa misumari. Mashua ya oselvar, ya eneo la Os kusini mwa Bergen, ina mbao pana tatu tu kila upande, kwa hiyo ubao mmoja ukikatwa vibaya hasara ni kubwa. Katika ombi wekeni mbao za akiba, na muda wa mwanagenzi uhesabiwe kwa mashua nzima kutoka mkuku hadi kushushwa majini. Karakana ya oselvar iliingia mwaka 2016 kwenye rejesta ya UNESCO ya mbinu bora za kulinda urithi, na mafunzo ya wanagenzi ni sehemu ya kazi yake.

Fedha za pamoja za Nordiki zinataka nchi tatu. Tutazipataje?

Mfano ni Mfuko wa Utamaduni wa Nordiki, ulioanzishwa 1966. Greenland, Visiwa vya Faroe na Åland navyo huhesabiwa. Kosa la kawaida ni mshirika wa pambo: jina na barua vipo, kazi na fungu la bajeti hana. Kila mshirika apewe jukumu, tarehe na kiasi chake. Asiyepewa kitu mwondoeni, mtafute mwingine.

Mimi ni Mkongo, naishi Norwei, ni mjumbe wa kikundi cha ufumaji. Asili yangu itatuzuia?

Kwa kawaida hapana. Kinachoulizwa ni chama, si ukoo wa mjumbe. Chama kiwe na katiba, bodi, akaunti ya benki na namba ya usajili, kisha kijiandikishe kwenye Frivillighetsregisteret, rejesta ya vyama vya kujitolea. Hapo kinaweza pia kuingia Grasrotandelen, ambako mchezaji wa Norsk Tipping, kampuni ya bahati nasibu ya serikali ya Norwei, huchagua chama kipate sehemu ya dau lake. Ndiyo, ni fedha za bahati nasibu. Kama baadhi yenu wanazikwepa kwa sababu za dini, zungumzeni kwenye mkutano mkuu kabla ya kujiandikisha.

Tuweke mavazi ya Wasami kwenye programu yetu? Yanavutia.

Msiweke bila Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali, kuongoza na kulipwa. Kazi zao za mikono, duodji, zina alama yake maalumu, na Wasami wana mabunge yao Norwei, Uswidi na Ufini. Anzieni huko.

Tumepata ruzuku! Mwalimu kaugua, tunataka kuhamishia fedha zake kwenye visu.

Ombeni kibali kwa maandishi kabla ya kununua. Risiti ya kabla ya tarehe ya kuanza mkataba, au kifungu kilichohamishwa kimya kimya, hukataliwa wakati wa ripoti, na fedha hizo mtazirudisha kutoka mifukoni mwenu. Ila kwa hali yenu tungeomba kusogeza tarehe badala ya kununua visu. Bila mwalimu, visu vitakaa kabatini.