MGB ya 1971: kabureta ziguswe mwisho

Mkuu, umesema MGB yako, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, inatetemeka ikiwa imesimama, mlimani inakosa nguvu, na kuna mtu kakushauri ufungue kabureta zote mbili (zinazochanganya mafuta na hewa) uzisafishe. Umeuliza pia kama servisi ya kawaida unaweza kuifanya mwenyewe nyumbani. Unaweza. Mimi ninayo ya aina hiyo hiyo na kazi hizi nazifanya uani kwangu. Ila huo ushauri wa kabureta uweke pembeni kwanza. Zile SU, yaani kabureta za gari lako, ni vifaa vitulivu sana, na mara nyingi zinasingiziwa makosa ya vali na ya distribyuta (kinachogawa moto kwa plagi).

Tuanze na spana. Nati nyingi za gari hili ni za inchi: 7/16, 1/2, 9/16. Spana ya milimita 13 itaingia kwenye nati ya 1/2 na utadhani imekaa sawa, kumbe inacheza kidogo tu, kiasi cha kuila nati pembe zake. Tafuta seti ya inchi, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) na stendi za kuegemeza gari. Jeki ni ya kuinulia. Chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake mimi siingizi hata mkono.

Kwenye oili sina mengi: 20W-50 yenye zinki ya kutosha, maana tapeti za injini hii (vidude vinavyosukuma vali) zinasugua moja kwa moja kwenye kemshafti, ile shafti inayoziendesha. Imwage injini ikiwa na joto. Magurudumu ya mbele yakiwa juu, piga grisi kwenye niple za kingpini (pini ambazo magurudumu hugeukia) mpaka ile chafu itoke. Mafuta ya breki badilisha kila baada ya miaka 2 hata kama yanaonekana safi, kwa sababu yanafyonza unyevu: DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishaingia maji kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 155. Halafu fungua kifuniko kilicho nyuma ya viti ukague vibebeo vya betri. Kutu hupenda kujificha pale, na wauzaji hawakuonyeshi.

Sasa injini. Anza na vali, injini ikiwa baridi kabisa. Toa plagi zote, weka gia ya nne, kisha sogeza gari taratibu kwa mkono. Injini itazunguka nalo. Hesabu vali kutoka mbele, 1 mpaka 8. Kanuni ni kwamba jumla iwe 9: vali ya 8 ikiwa imekandamizwa mpaka mwisho, pima ya 1, ya 6 ikiwa chini, pima ya 3, na kuendelea hivyo. Nafasi kati ya roka (mkono unaoisukuma vali) na ncha ya vali ni inchi 0.015, yaani milimita 0.38. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo, isipite kilegevu. Ukikaza ile nati ya kufungia, pima tena, kwa sababu skrubu hugeuka nayo. Wengi hukaza kupita kiasi ili kelele ziishe. Hapo injini itanyamaza kweli, lakini vali haifungi sawasawa, haipati pa kupeleka joto, na mwishowe inaungua. Mimi bora nisikie tapeti ikilia kidogo.

Baada ya hapo nenda kwenye distribyuta. Pointi, ile swichi ndogo iliyo ndani yake, ziwe na mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40 pale zinapokuwa wazi kabisa. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu, kwani ule mguu wa pointi ukisugua mkavu unalika upesi. Ukilika, mwanya unapungua na moto unachelewa: ndiyo hiyo nguvu unayoikosa mlimani. Kwa hiyo mwanya kwanza, taimingi (wakati wa kutoa moto) baadaye. Ukifanya kinyume, utakaporekebisha mwanya utakuwa umeivuruga taimingi uliyoipanga. Nyuzi za taimingi zifuate kitabu cha injini yako. Plagi ziwe na mwanya wa milimita 0.6, na waya zirudi kwa mpangilio wa silinda wa 1-3-4-2.

Washa, iache ipate moto. Huenda mtetemo ukawa umekwisha hapo hapo.

Kama bado upo, sasa ndiyo shika kabureta. Fungua vifuniko vya juu, hakikisha kuna oili ndani: ukirudisha kile kifimbo cha kifuniko lazima usikie kinagoma kidogo. Legeza kiunganishi kati ya kabureta mbili, weka mpira mwembamba sikioni na ncha nyingine mdomoni mwa kila moja, usawazishe mvumo. Kisha inua pistoni ya kabureta moja kiasi cha milimita 1. Injini ikipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi; ikidondoka papo hapo, ni machache; ikipanda kidogo halafu ikatulia, hapo umepata. Nati ya chini ya jeti igeuze upande mmoja tu kati ya pande zake sita kwa kila jaribio: kuipandisha kunapunguza mafuta, kuishusha kunaongeza. Ukimaliza ya mbele fanya ya nyuma, halafu irudie ya mbele, maana ukigusa moja na ya pili inabadilika.