Kabla ya kuziba mianya ya madirisha ndani ya kabini

Fundi mpya anayeitwa kwenye chombo kinachosafiri kati ya Goma na Bukavu, akaonyeshwa doa la maji chini ya dirisha la kabini, mara nyingi hukimbilia bunduki ya silikoni, gundi laini ya kuzibia mianya. Ninyi mlioanza kazi hii karibuni, iwekeni kando kwanza. Mwanya unaoonekana ndani ni mahali maji yanapotokea, wala si lazima uwe mahali yanapoingilia. Ukizibwa kwa ndani peke yake, maji yataendelea kuingia kutoka nje, yatatuama nyuma ya fremu na kuozesha tripleksi, yaani mbao za tabaka zilizogundishwa, polepole bila mtu kuona.

Hakikisheni pia kwamba dirisha linavuja kweli. Katika safari ya usiku madirisha hufungwa, na kwa kuwa Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi huwa kali na pumzi za abiria hugeuka matone juu ya kioo. Unyevu huo hutanda kioo kizima, ilhali maji ya kuvuja hufuata njia yake, aghalabu kwenye pembe ya chini. Kausheni pote, kisha mmoja abaki ndani na tochi, na mwenzake amwagie maji nje kwa mpira, bila nguvu nyingi, akianzia ukingo wa chini na kupanda taratibu. Anayeanzia juu hulowesha pande zote kwa pamoja, na hapo hatajua tundu liko wapi.

Mahali pakishajulikana, ng'oeni fremu ikiwezekana na kwangueni mabaki yote. Kazi nyingi huharibikia hapa, kwa sababu silikoni ya zamani huacha utando usioonekana, ambao rangi na gundi mpya hazishiki juu yake. Silikoni yenye harufu ya siki huchochea kutu, hata kama bei yake sokoni inavutia. Poliurethani, gundi nyingine ya kuzibia, hushika vizuri mbao na chuma, lakini kwa vioo vya plastiki mimi hutumia silikoni isiyo na asidi, na vioo hivyo huoshwa kwa sabuni na maji tu, kwani asetoni, kiyeyushi cha kusafishia, huvitia nyufa.

Msikaze skrubu mpaka gundi yote itoke: chombo hujinyonga kwenye mawimbi, na tabaka jembamba hukatika upesi. Bakizeni gundi yenye unene wa milimita 2 au 3. Mwanya mpana ujazwe kwanza kamba ya sponji isiyonyonya maji, ili gundi ishike pande mbili tu na iweze kunyumbuka.

Vitundu vilivyo chini ya reli ya madirisha ya alumini ya kusukuma ni njia ya kutolea maji. Vumbi jeusi la lava la mji wetu wa Goma huviziba; vizibueni kwa waya, msivipake kitu.

Upande wa ndani huja mwisho, baada ya mvua kadhaa kupita bila doa. Unatosha ukanda mwembamba wa mastiki (lipu laini ya kuzibia) inayokubali rangi, uliopakwa kati ya tepu mbili za karatasi, ambazo hubanduliwa mastiki ikiwa bado mbichi.