Muulize Fundi: RAM nne, skrini ya bluu kila jioni

Shikamoo mama. Mimi ni mpiga video za harusi hapa Mwanza. Nimejiungia kompyuta mwenyewe: prosesa ya AMD Ryzen 7 7700, madabodi ya B650, na RAM za DDR5 za kasi ya 6000, mbili za GB 16. Mwanzoni ilikwenda vizuri kabisa. Mjomba aliporudi kutoka Dubai akaniletea boksi la pili la RAM zilezile, nikajaza sloti zote nne, nikapata GB 64. Tangu hapo sina amani. Nikihariri inaganda, au inaleta skrini ya bluu. Leo inaandika MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Nimepiga Windows upya, wapi! Fundi mmoja anasema RAM za mjomba ni feki, mwingine anasema ni umeme wa huku, ninunue pawasaplai kubwa zaidi. Nimsikilize nani? B.M., Mwanza

Marahaba, mwanangu. Waambie wote wawili wasubiri, na hela yako ikae mfukoni.

Kwanza jambo ambalo hukuniuliza. Usifute kadi yoyote ya kamera mpaka mashine ipone. RAM inayokosea haikosei pale inapoganda tu. Faili unaponakili hupitia kwenye RAM, na biti moja ikigeuka njiani inaandikwa kwenye diski hivyo hivyo, bila onyo lolote. Utakuja kugundua siku bibi harusi anapodai video yake na kipande cha kukata keki kimejaa miraba ya kijani. Harusi ulizonakili tangu RAM za pili ziingie, kama kadi bado unazo, zinakili tena baadaye.

Sasa tumwondoe huyu wa umeme. Pawasaplai dhaifu au umeme unaoyumba mara nyingi huzima mashine pap, kiza, au inajiwasha upya bila neno, hasa kadi ya picha inapofanya kazi nzito. Wewe unapata skrini yenye maandishi, na jina la kosa halitulii. Kosa lingekuwa kwenye draiva moja, lingekuwa linarudi na jina lilelile na mara nyingi faili lilelile. Majina yakirukaruka hivyo, ninayeanza kumshuku ni RAM. Na shida imeanza siku ulipoongeza RAM, hilo peke yake ni ushahidi.

Je, ni feki? Inawezekana, lakini huhitaji feki ili upate shida hii. Ile 6000 iliyoandikwa kwenye boksi ni kasi ambayo mtengenezaji wa RAM amezijaribu zile mbili za boksi moja, zikiwa pamoja. Prosesa yako haikuahidi hivyo. AMD wenyewe, kwa Ryzen 7000, wanatambua kasi ya 5200 ukiwa na RAM mbili. Ukiweka nne wanashusha mpaka 3600. Soma tena hapo, kutoka 6000 mpaka 3600! Ulipowasha EXPO (setingi ya kuikimbiza RAM kwa kasi ya boksini) kwenye BIOS, ile programu ya madabodi inayowaka kabla ya Windows, uliiambia mashine ipite kiwango hicho na ipandishe volti ya RAM kutoka 1.1 ya kawaida, kwa RAM nyingi za 6000 mpaka 1.35. Zikiwa mbili, mashine nyingi huvumilia. Zikiwa nne, nyaya za kila chaneli, yaani njia ya RAM kwenda kwa prosesa, zinabeba mzigo maradufu, na prosesa inashindwa kuzisoma kwa kasi hiyo bila kukosea. Tena maboksi mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na chipu tofauti ndani, maana watengenezaji hubadilisha chipu bila kubadilisha jina la bidhaa.

Kuna vijana watakwambia DDR5 haikosei kwa kuwa inajisahihisha yenyewe. Ule usahihishaji unafanyika ndani ya chipu ya RAM tu. Kosa likitokea njiani kati ya RAM na prosesa, haulioni.

Fanya hivi. Ingia BIOS, rudisha setingi zote za kiwandani, EXPO ikiwa imezimwa, RAM zote nne zikiwa mahali pake. Hifadhi, kisha uwe na subira. Madabodi za AM5, soketi ya prosesa yako, hujifunza RAM upya baada ya mabadiliko kama hayo, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa, taa ndogo ya DRAM ikiwaka. Watu wengi huishia hapo: wanadhani imekufa, wanachomoa umeme, inaanza kujifunza upya kutoka mwanzo, wanachomoa tena. Iache, nenda kanywe chai.

Ikishawaka, tafuta kompyuta nyingine nzima uandae flashi ya MemTest86+, programu ya kupima RAM. Ni bure. Toleo la 6 na kuendelea linawaka kwenye mashine za UEFI, yaani zenye BIOS ya kisasa, na kama likigoma kuwaka, zima kinga ya Secure Boot humo kwenye BIOS. Kipimo cha RAM kilichomo ndani ya Windows si kibaya, ila hupitisha RAM ambazo MemTest86+ inazikamata, kwa hiyo kikisema hakuna kosa mimi sitosheki. GB 64 zinachukua saa nyingi; ianzishe usiku ukalale. Asubuhi ukikuta mstari mmoja tu mwekundu, ihesabu RAM kuwa mbovu. Usikubali mtu akwambie kosa moja moja ni kawaida. RAM nzima inatoa sifuri.

Ikitoa sifuri kwa setingi za kiwandani, basi RAM za mjomba si mbovu, na umepata jibu: zote ni nzima, ila hazikimbii pamoja kwa 6000. Ikitoa makosa hata hapo, toa zote. Jaribu moja moja, kila mara kwenye sloti ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kosa likimfuata mtu mmoja, huyo ndiye mbovu, mrudishe Dubai. Zikipita zote, zijaribu na kwenye sloti nyingine. Kama RAM zote zinapita kwenye sloti moja na zote zinakosea kwenye nyingine, acha kulaumu RAM. Fungua kipoozeo cha prosesa. Kikikazwa upande mmoja kuliko mwingine hubonyeza prosesa vibaya kwenye soketi yake, na chaneli nzima ya RAM hupotea. Au kuna pini imepinda. Kwenye AM5 pini ziko kwenye madabodi, nyembamba kama nywele. Ziangalie kwa tochi, usiziguse.

Na tafadhali, usisugue RAM mpya kwa ufutio wa penseli. Najua vibanda vyote vya mafundi vina ufutio. Una kazi yake kwa RAM ya zamani iliyoshika kutu ya vumbi na jasho. Hii imetoka boksini juzi.

Angalia pia tarehe ya BIOS yako. Mwaka 2023 kulikuwa na visa vya prosesa za Ryzen 7000 kuungua, na AMD wakatoa marekebisho yanayozuia volti ya SoC, sehemu ya prosesa inayoongea na RAM, isizidi 1.3. Kama BIOS yako ni ya kabla ya hapo, isasishe kabla hujagusa EXPO tena. Isasishe mashine ikiwa kwenye setingi za kiwandani na imechomekwa kwenye UPS. Hapo ndipo umeme wa Mwanza utakuhusu kweli, kwa sababu ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kubaki na madabodi isiyowaka.

Mwisho, ile Windows uliyoipiga upya iliwekwa na RAM zinazokosea. Siiamini. Mashine ikishapita usiku mzima bila kosa, ipige tena.

Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekwambia uuze maboksi yote mawili ununue RAM mbili za GB 32, uziweke sloti ya pili na ya nne. Kama soko ni gumu, kaa na nne kwa 3600. Kwa video za 4K, RAM nyingi ya polepole inakufaa kuliko RAM ya kasi iliyojaa pomoni.

Habari yako mama. Nina prosesa ya Intel i9-13900K na kadi ya picha ya RTX 4080. Gemu kadhaa zinafunga na kusema kumbukumbu ya video imejaa, wakati kadi ina GB 16 na situmii hata nusu. Nimeazima kadi nyingine, hali ni ileile. K., Mombasa

Njema, baba. Kadi yako haina kosa. Ujumbe huo, kwenye prosesa za Core kizazi cha 13 na 14 za kompyuta za mezani, mara nyingi unasababishwa na prosesa yenyewe: gemu inapofungua mafaili yaliyobanwa, prosesa inakosea hesabu, na programu inatupa lawama kwa kadi. Intel walikiri mwaka 2024 kwamba volti ya kupita kiasi ilikuwa ikizichakaza, wakatoa msimbo wa kurekebisha prosesa, unaoingia kupitia BIOS: 0x129 mwezi Agosti na 0x12B mwezi Septemba. Weka BIOS yenye 0x12B au mpya zaidi leo hii. Lakini msimbo unazuia uchakavu tu, hauponyi prosesa iliyokwisha kuharibika. Kama gemu zitaendelea kufunga baada ya hapo, dai kubadilishiwa: Intel waliongeza dhamana ya prosesa hizo kwa miaka 2, kutoka 3 hadi 5. Kama uliinunua kwenye boksi lake, dai kwa Intel wenyewe. Kama ilikuja ndani ya kompyuta iliyokwisha kuungwa, rudi kwa aliyekuuzia, na usiende bila risiti.